Maelezo ya Vyombo: Kutoka Machimbo ya Saza hata Mawakala wa Akili Mnemba

Wachunguzi wa Kiswahili wamezoea kuuliza jina la chombo limetoka wapi. Ni mara chache zaidi waulizapo swali la pili, ambalo kwa mtenda kazi ndilo kubwa: je, mtu ambaye hajapata kukiona chombo hicho, naye amepewa maneno matupu, ataweza kukitumia bila kuharibu kazi wala kujidhuru? Swali hili ni la zamani. Walakini limepata uzito mpya tangu mwaka 2023, maana sasa yuko mtumiaji wa vyombo asiye na macho wala mikono, wala hana fundi wa kumwonyesha. Huyo ni programu ya akili mnemba iitwayo wakala. Yote aijuayo juu ya chombo ni yale yaliyoandikwa juu yake.

Ili kulipima swali hilo yafaa kutazama machimbo ya dhahabu, maana huko watu wa lugha nyingi walikutana na vyombo wasivyovijua, na kosa la kutofahamu chombo lililipwa kwa mwili. Machimbo ya Saza yatakuwa mfano.

I. Saza na nchi ya Lupa

Saza iko katika Wilaya ya Songwe, upande wa mashariki wa Ziwa Rukwa. Mkoa wa Songwe uliundwa mwaka 2016, ulipotengwa na Mkoa wa Mbeya. Kabla ya hapo Saza ilikuwa katika Wilaya ya Chunya, na watu wa madini waliijua kuwa sehemu ya nchi ya dhahabu ya Lupa. Dhahabu ya Lupa ilipatikana mwaka 1922, nayo mwanzoni ilikuwa dhahabu ya mchanga, iliyolala katika mikondo ya mito. Uingereza ilipoacha kuifunga sarafu yake kwa dhahabu mwaka 1931, na Marekani ilipoweka bei ya dola 35 kwa wakia mwaka 1934, thamani ya dhahabu ilipanda na watu wakazidi kumiminika Lupa. Walikuwamo Wazungu wachimbaji wadogo, na Waafrika kwa maelfu waliotoka pande nyingi. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya uchunguzi wao Unyakyusa katika miaka ya 1930, waliwakuta vijana wa huko wakienda Lupa kutafuta fedha. Wanyakyusa, Wasafwa, Wanyiha, Wabungu na wengine wengi hawakuwa na lugha moja ya nyumbani; Kiswahili ndicho kilichowakutanisha kazini.

Dhahabu ya mchanga haihitaji maelezo marefu. Mchimbaji huchota mchanga kwa beleshi, huutia katika karai, huuzungusha ndani ya maji, na uzito wa dhahabu hufanya kazi iliyobaki. Mgeni akisimama kando asubuhi, jioni amekwisha kujua. Lakini Saza ilikuwa habari nyingine. Dhahabu yake imo ndani ya mishipa ya jiwe gumu chini ya ardhi, na mgodi wa New Saza, uliopata kuwa mmoja wa migodi mikubwa ya dhahabu ya Tanganyika kabla ya kufungwa mwaka 1956, ulikuwa mgodi wa miamba. Katika mgodi wa namna hiyo jiwe hutobolewa, hupasuliwa kwa baruti, hupandishwa juu, husagwa, ndipo dhahabu itengwe. Hapo macho hayatoshi. Hakuna ajifunzaye urefu wa utambi wa baruti kwa kujaribu na kukosea.

Utambi huo ni mfano mwema wa chombo kilichotegemea maelezo. William Bickford wa Cornwall aliubuni mwaka 1831, na fadhila yake yote ilikuwa hii, kwamba huungua kwa mwendo unaojulikana. Mchimbaji aliyepewa utambi bila kuambiwa mwendo wake amepewa kamba tu. Kilichomwokoa mtu hakikuwa utambi peke yake, bali utambi pamoja na maneno yaliyosema futi moja huungua kwa muda gani.

II. Jina si maelezo

Kiswahili kimejaliwa njia nzuri ya kuunda majina ya vyombo. Kitenzi huchukuliwa, hupewa kiambishi mwanzoni na irabu -o mwishoni, na jina likapatikana: funguа huleta ufunguo, fagia huleta ufagio, pima huleta kipimo, tega huleta mtego, ziba huleta kizibo, funika huleta kifuniko. Neno kifaa nalo limetoka katika kitenzi -faa. Jina la namna hii hubeba kazi ya chombo ndani yake, na mtu alisikiapo kwa mara ya kwanza amekwisha kupata nusu ya habari.

Hata hivyo ni nusu tu. Kizibo na kifuniko vyote viwili huzuia kitu kisitoke chomboni. Tofauti yake haimo katika kazi bali katika namna: kizibo huingia mdomoni mwa chupa, kifuniko hukaa juu ya chungu. Mswahili aliyekulia jikoni hana haja ya kuambiwa hayo. Mgeni aliyepewa majina mawili bila zaidi, naye ana chupa mkononi, aweza kuchagua lolote. Jina humwambia chombo chafanya nini. Halimwambii ni wakati gani kitumike hiki na kiachwe kile.

Tena majina hubadili maana yahamapo kutoka kazi moja kwenda nyingine. Chombo chenyewe ni sufuria, na ni jahazi, na ni kifaa cha fundi. Ala ni kifaa cha kazi, na tena ni mfuko wa kisu au upanga. Wachimbaji wadogo wa Tanzania wameongeza mengine. Duara kwao ni shimo la kuchimbia, hali kwa mwalimu wa hesabu ni umbo la mviringo. Mwalo kwa mvuvi wa Ziwa Victoria ni mahali pa kupandishia mitumbwi na samaki, na kwa mchimbaji ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Marudio kwa msomaji wa kawaida ni hali ya kurudia jambo. Machimboni ni mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa mara ya kwanza, ambao huuzwa kwa wenye uwezo wa kuutoa dhahabu iliyobaki kwa dawa. Mtu anayeyajua maneno haya katika vitabu tu atapotea mara afikapo machimboni, ijapokuwa Kiswahili chake ni fasaha.

III. Lugha ya amri na lugha ya maelezo

Katika migodi ya wakati wa ukoloni lugha iliyotumika zaidi baina ya msimamizi na mfanya kazi ilikuwa lugha ya amri. Katika migodi ya Afrika Kusini ilikuwako Fanagalo, lugha fupi ya kazini, ambayo ilienea hata migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Katika Katanga kazi hiyo ilifanywa na Kiswahili. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya Kiswahili na utawala wa kikoloni huko Kongo, ameonyesha jinsi vitabu vya maneno vilivyotungwa kwa wageni na wasimamizi vilivyoipa amri nafasi kubwa.

Amri ina fadhila yake: ni fupi, nayo hufahamika upesi. Lakini amri hutegemea jicho la mwenye kuitoa. Asemaye “Lete nyundo” yuko pale. Akiletewa sururu ataikataa, na kosa litakwisha hapo hapo. Maelezo hayana msaada huo. Mwandishi wake hayuko wakati yasomwapo, na kila alichosahau kukisema msomaji atakijaza kwa kukisia. Kwa hiyo maelezo ni kazi ngumu kuliko amri, nayo yataka mtu anayejua si chombo tu bali pia mahali ambapo mgeni atakosea.

IV. Mapokeo ya kamusi

Walioifanya kazi ya kueleza vitu kwa Kiswahili kwa bidii kubwa ni watunga kamusi. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulioichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. Frederick Johnson, katibu wake wa kwanza, alitoa mwaka 1935 kamusi iliyoeleza maneno ya Kiswahili kwa Kiswahili, na mwaka 1939 zikatoka kamusi mbili kubwa za Kiswahili na Kiingereza. Kazi ya Kamati ilirithiwa mwaka 1964 na chuo cha uchunguzi wa Kiswahili kilichokuwa Dar es Salaam, na mwaka 1981 ikatokea Kamusi ya Kiswahili Sanifu.

Deni la wasomi kwa kazi hizo ni kubwa. Lakini yapasa kukumbuka kwamba kamusi huandikwa kwa mtu anayetaka kufahamu neno, wala si kwa mtu anayetaka kukishika chombo. Ndiyo maana kamusi yaweza kusema “aina ya samaki” au “aina ya mti”, na msomaji akaridhika, kwa kuwa sentensi aliyokuwa akiisoma imekwisha kumwelea. Maelezo ya namna hiyo hutia kitu katika jamii yake, kisha huacha. Kwa mvuvi anayetaka kujua kama samaki huyo ana sumu, hayakusema neno.

Habari za mwaka 2017 zaonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kuwa zito. Kwa miaka mingi mali iliyosafirishwa ng'ambo kutoka baadhi ya migodi mikubwa ya Tanzania iliitwa na watu “mchanga wa dhahabu”. Mwezi wa Machi mwaka huo Serikali ilizuia usafirishaji wake, na katika mabishano yaliyofuata neno makinikia likaenea nchi nzima. Mchanga na makinikia si kitu kimoja. Mchanga hutajwa kwa sura yake. Makinikia ni zao la kazi ya mtambo, lililokusanya madini mengi katika uzito mdogo. Aliyesikia “mchanga” hakuwa na sababu ya kuuliza ndani yake mna nini.

V. Kipimo bila jina lake

Hakuna sehemu ya maelezo iliyoleta hasara nyingi kuliko vipimo. Neno wakia lilitumika pwani kwa uzito uliokaribia reale moja ya fedha, kama gramu 28. Wakia ya kawaida ya Kiingereza ni gramu 28.35. Lakini wakia ipimiayo dhahabu katika biashara ya dunia ni gramu 31.10. Basi mtu akiambiwa “wakia 100 za dhahabu” bila zaidi, aweza kufahamu gramu 2,835 au gramu 3,110, na tofauti ya gramu 275 si ndogo kwa mwenye mali. Hakuna aliyesema uongo. Lililokosekana ni neno moja la kubainisha.

Utambi nao ni vivyo hivyo. Ukiwa waungua futi moja kwa nusu dakika, utambi wa futi 3 humpa mtu dakika moja na nusu, na wa mita 3 humpa karibu dakika tano. Maelezo yasemayo “kata utambi wa tatu” yamemwacha mchimbaji aamue mwenyewe. Wala kosa hili si la watu wasiosoma. Mwezi wa Septemba mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo cha anga kilichopelekwa kuizunguka sayari ya Mars, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kana kwamba ni vya metriki.

VI. Mtumiaji mwenye maneno tu

Programu kubwa za lugha, zilizofunzwa kwa maandiko mengi mno, hapo kwanza zilijibu maswali tu. Mwezi wa Juni mwaka 2023 kampuni ya OpenAI ilitoa njia ya kuzipa programu zake orodha ya vyombo, nazo zikaweza kuomba chombo kimoja kitumike. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza kanuni iitwayo Model Context Protocol, ili vyombo vya watu mbalimbali viweze kuelezwa na kuunganishwa kwa namna moja.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kila chombo huandikiwa jina, maelezo, na orodha ya mambo yanayopaswa kujazwa kabla hakijatumika. Mtu akiuliza swali, wakala husoma swali pamoja na maelezo ya vyombo vyote alivyopewa, huchagua kimoja, hujaza yanayotakiwa, na programu nyingine hukiendesha na kurudisha jibu. Kwa kawaida wakala hauoni utaratibu uliomo ndani ya chombo. Hajui kwamba chombo hiki hufuta kumbukumbu zisirudi tena, ila pawe pameandikwa hivyo. Yu katika hali ya yule mgeni aliyepewa kizibo na kifuniko, na tofauti ni kwamba mgeni angeweza kuvigeuza mkononi na kuvitazama.

Chukuliwe mfano wa kubuni. Chama cha wachimbaji wadogo katika nchi kama ya Saza kimewekewa wakala wa kujibu maswali kwa simu. Miongoni mwa vyombo vyake kimo kimoja kiitwacho “kadiria”, na maelezo yake ni haya: “Hukadiria dhahabu.” Mchimbaji auliza: “Nina kilo 2,000 za marudio, nitapata kiasi gani?” Wakala hajui kama chombo ni cha mawe au cha marudio, hajui uzito ni wa mchanga mbichi au mkavu, wala hajui kiwango cha dhahabu kitoke wapi. Huenda akakibuni. Mchimbaji atapewa tarakimu nzuri isiyo na msingi, naye aweza kuiuza au kuinunua mali kwa tarakimu hiyo.

Sasa chombo kile kile kiandikiwe hivi: “Kadiria marudio. Hukadiria gramu za dhahabu zilizomo katika marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa mara ya kwanza. Kitumike pale tu muulizaji anapokuwa na hati ya maabara. Kisitumike kwa mawe yasiyosagwa. Kwa hayo kiko chombo ‘Kadiria mawe’. Uzito uandikwe kwa kilo, mchanga ukiwa mkavu. Kiwango kiandikwe kwa gramu za dhahabu katika tani moja, kama kilivyo katika hati, kisikisiwe. Mfano: kilo 2,000 zenye kiwango cha gramu 3 kwa tani zina gramu 6. Jibu ni dhahabu iliyomo, si ile itakayopatikana baada ya kusafisha. Kiwango kikikosekana, chombo hakitatoa tarakimu. Hapo muulizaji aombwe hati.”

Kila sentensi ya maelezo haya yajibu kosa lililokwisha kutajwa. Ya kwanza yafafanua neno la machimbo kwa asiyetoka machimboni. Ya pili yasema wakati wa kukitumia. Ya tatu yatenga kizibo na kifuniko. Zifuatazo zataja kipimo kwa jina lake, na mfano mmoja wenye tarakimu waonyesha hesabu yenyewe. Kisha yaelezwa jibu lina maana gani na halina maana gani. Mwisho yaelezwa njia ya kufuata kazi inapokwama, jambo ambalo waandishi wengi hulisahau, kwa kuwa wao wenyewe hujua la kufanya.

Hata hivyo urefu peke yake si ubora. Wakala husoma maelezo ya vyombo vyote kwa pamoja, na maneno ya sifa na ya mapambo humzuia kuona tofauti. Kama vyombo viwili haviwezi kutengwa kwa sentensi moja iliyo wazi, mara nyingi kasoro haimo katika maelezo bali katika vyombo vyenyewe, na yafaa vifanywe kimoja.

VII. Kazi iliyobaki

Yaweza kudhaniwa kwamba haya ni mambo ya mafundi wa programu, wala hayawahusu watu wa lugha. Lakini kinachotakiwa hapa si elimu ya mitambo. Chombo kimekwisha kutengenezwa. Kinachotafutwa ni mtu wa kusema, kwa maneno machache yasiyo na njia mbili, kazi yake, mpaka wake, kipimo chake na hatari yake. Hiyo ni kazi ya mtunga kamusi, ila imesogezwa hatua moja mbele, kutoka kufahamu neno hata kutenda kwa neno.

Machimbo yenyewe hayakwisha. Mgodi wa New Luika ulianza kutoa dhahabu mwaka 2012 katika nchi hiyo hiyo, na wachimbaji wadogo wangali na maduara yao, makarasha yao na zebaki yao. Zebaki hutumiwa kukamata chembe za dhahabu, kisha huchomwa ili dhahabu ibaki. Huchemka kwenye joto la digrii 357 hivi, na mvuke wake hudhuru ubongo na figo. Kiko chombo kilichofungwa, chenye bomba la kuupoza mvuke huo ili zebaki irudi kuwa maji na kutumika tena. Chombo hicho kikielezwa kuwa “cha kuchomea dhahabu”, hakina tofauti na kikaango kilicho juu ya moto wa wazi, nacho pia huchomea dhahabu. Kikielezwa kuwa ni chombo cha kuchomea dhahabu bila kuuachia mvuke wa zebaki, kisichofunguliwa kabla hakijapoa, msomaji amepewa sababu ya kukichagua na sharti la kukitumia.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeyataka mataifa yapunguze matumizi ya zebaki, na Tanzania imo. Maneno ya mkataba huo yakifika Saza kwa njia ya mwalimu, ya kitabu, au ya wakala aliye katika simu, yatapita katika Kiswahili. Kamusi za istilahi za madini zitakazotungwa zitasomwa na watu, na bila shaka zitasomwa na programu. Kwa hiyo zisiishie kutaja kwamba kitu ni “aina ya chombo”. Ziseme kitumike lini, kisitumike lini, kipimwe kwa nini, na kikikosewa huleta nini. Na maneno ya wachimbaji wenyewe, kama marudio na mwalo, yaingizwe humo pamoja na maana waliyoyapa wao.